Injini Mpya Juu ya Matairi ya Kale

Kila Jumapili alasiri, baada ya sare kupigwa pasi na viatu kung'arishwa kwa ajili ya gwaride la Jumatatu, chini ya mwembe ulio nyuma ya karakana ya magari hukutana baraza ambalo halikuitishwa na amri yoyote wala halina mwenyekiti. Huja madereva, huja mafundi, huja masajini wanaohesabu miezi iliyobaki kabla ya kustaafu. Na mara nyingine hufika polisi wa usalama barabarani kutoka kituo cha jirani, ambao huvua kofia zao kabla ya kuketi ili ijulikane kwamba hawakuja kumwandikia mtu faini. Mazungumzo ni ya magari, na magari tu. Mpira huruhusiwa kwa dakika chache, na anayetaka kulalamikia mshahara huombwa atafute mwembe mwingine. Sisi ambao kalamu ndiyo zana yetu ya kila siku huketi pale kama wanafunzi wa darasa la chini.

Jumapili tunayokusudia kuisimulia, msemaji mkuu alikuwa Koplo mmoja, dereva, kijana asiyefika miaka thelathini. Aliporudi kutoka Somalia alitumia akiba ya posho yake kununua Subaru Impreza iliyotumika Japani, ile yenye injini ya lita 1.5. Gari ni zima. Humpeleka mkewe kliniki, na kila mwisho wa mwezi huichukua jamaa yote hadi kwa wazazi upande wa Masaka. Lakini Koplo alikuwa amepata habari ya injini. Mjini Kampala, katika vibanda vya spea, ilikuwapo injini ya lita 2 yenye turbo, iliyotolewa katika Impreza WRX iliyopondeka, ingali na waya zake na kompyuta yake. Nusu ya fedha alikuwa nayo mfukoni. Nusu ya pili alikusudia kuikopa. Alilitamka neno "turbo" kama mtu atajavyo jina la mchumba wake, na vijana wenzake wakamsogelea.

Tukiri kwamba hata sisi tulivutiwa. Turbo ni kitu cha kustaajabisha. Moshi wa injini, ambao katika gari la kawaida hupotea hewani na joto lake lote, hapa hulazimishwa kuzungusha gurudumu dogo lenye mapanga. Gurudumu hilo huzungusha jingine lililo upande wa pili wa mhimili huohuo, nalo hushindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikizidi, petroli nayo yaweza kuzidi, na nguvu hutoka. Wazo hili si geni, kwani Mswisi Alfred Büchi alilipatia hataza mwaka 1905. Kwa nchi za miinuko kama zetu lina faida ya pekee. Kampala iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa wepesi wa hewa yake injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyoandikwa kitabuni. Ukipanda hadi Kabale, penye mita zipatazo 2,000, hasara hukaribia sehemu moja ya tano. Turbo hurudisha sehemu kubwa ya kilichopotea. Impreza WRX ya kwanza, iliyotoka mwaka 1992, ilitoa nguvu za farasi 240 kwa injini ya lita 2 tu, hali ile ya lita 1.5 aliyo nayo Koplo hutoa zinazokaribia mia.

"Basi nitakuwa nimezidisha mara mbili na zaidi," alisema Koplo.

Sajini wa karakana, mzee ambaye ameyafungua na kuyafunga magari ya jeshi tangu Koplo angali akisoma shule ya msingi, alikuwa akichokonoa meno kwa kijiti. Hakukataa. Aliuliza tu, "Na baada ya injini, kijana wangu, utanunua nini?"

Hapo ndipo tulipoanza kujifunza. Injini ya turbo haiji peke yake kama mgeni wa siku moja; huja na ukoo wake. Klachi ya gari la nguvu za farasi mia haiwezi kubeba mia mbili na arobaini. Huanza kuteleza na kunuka kama mkate ulioungua. Sanduku la gia hufuata, na Sajini alituambia kwamba meno ya gia zilizovunjika kwa namna hiyo ameyaokota kwa kijiko ndani ya oili. Rejeta ya zamani ni ndogo. Breki za mbele ni ndogo. Turbo yenyewe, ambayo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, huelea juu ya utando mwembamba wa oili, na oili ikichelewa au ikichafuka mhimili hufa. Tena injini hizo zilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu inayouzwa Japani. Zikinyweshwa petroli hafifu, mchanganyiko wa hewa na petroli hulipuka kabla ya wakati wake na kuipiga pistoni kama nyundo. Dereva asiye na sikio huusikia mlio ule akaudhani ni kokoto chini ya gari.

Mmoja akauliza: je, haitoshi kuifunga turbo peke yake juu ya injini ile ya lita 1.5? Sajini alicheka. Injini isiyo ya turbo hushindilia hewa kwa kiwango kikubwa zaidi ndani ya silinda, na ukiiongezea hewa iliyokwisha kushindiliwa nje, hugonga mapema zaidi. Pistoni hutoboka, au gasketi ya silinda hedi hupasuka. Wanaofanya hivyo wapo, alisema, na wateja wake wa Jumatatu ni haohao.

Inspekta wa polisi aliyekuwapo alitia neno lake kwa upole. Namba ya injini imeandikwa katika kitabu cha gari. Anayebadilisha injini bila kubadilisha maandishi hupeleka barabarani gari lisilolingana na karatasi zake. Na injini isiyo na hati ya mahali ilikotoka yaweza kuwa ilitoka kwenye gari la mtu anayelitafuta hadi leo. "Afande," Inspekta alisema akitutazama sisi, ingawa sisi hatuna nia ya kununua injini yoyote, "risiti ni sehemu ya injini."

Koplo hakukata tamaa. Alijibu kila hoja, naye alikuwa na majibu mazuri: klachi angeipata, breki za WRX angezichukua pamoja na injini, hati ingefuata. Tulidhani ameshinda. Ndipo Sajini alipotupa kijiti chake na kuuliza swali dogo.

"Matairi yako yana umri gani?"

Koplo akanyamaza. Alisema yana meno mazuri. Sajini akamjibu kwamba hakuuliza habari za meno. Baraza lote likainuka na kuifuata Impreza palipoegeshwa, na Sajini akachuchumaa, akafuta vumbi ubavuni mwa tairi kwa kidole gumba hadi zilipotokea herufi DOT, na mwisho wa mstari huo tarakimu nne ndani ya umbo la yai: 0912. Tangu mwaka 2000 tarakimu hizo husomwa hivi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lile lilitoka kiwandani katika wiki ya tisa ya mwaka 2012. Penye tarakimu tatu tu, tairi ni la karne iliyopita, na halifai hata kufungiwa mbuzi.

Mpira huzeeka hata usipotembea. Oksijeni ya hewa huula ndani kwa ndani, jua huukausha, joto huharakisha yote mawili. Na gundi inayoshika mikanda ya waya wa chuma chini ya meno hulegea bila mtu kuona. Watengenezaji wengi wa magari hushauri tairi libadilishwe baada ya miaka sita. Wenye viwanda vya matairi, kama Michelin, husema likaguliwe kila mwaka baada ya mitano, na likifika kumi liondolewe hata kama lang'aa. Tairi la Koplo lilikuwa limepita hapo.

Wengi wa wasomaji wetu wamezitazama bwaloni zile filamu za mashindano ya magari alizoigiza Paul Walker. Huenda si wote wajuao jinsi alivyokufa. Tarehe 30 Novemba 2013, huko California, alikuwa abiria ndani ya Porsche Carrera GT ya mwaka 2005, gari la injini ya silinda kumi na nguvu za farasi zaidi ya 600, likiendeshwa na rafiki yake ambaye alikuwa mzoefu wa mashindano. Liligonga nguzo na miti, likawaka moto, wote wawili wakafa. Wachunguzi walipopima walikuta kwamba mwendo ulifika kilomita 150 kwa saa mahali palipowekewa kikomo cha kilomita 72, na kwamba matairi yalikuwa na umri wa miaka tisa. Gari lile halikukosa injini.

Nasi tuna letu la kusimulia. Miaka michache iliyopita tulinunua matairi manne kwa mfanyabiashara mmoja, meusi, yenye kung'aa, kwa bei iliyotufanya tujione werevu. Hatukusoma tarakimu, kwani hatukujua kwamba zipo. Katika safari ya Masaka, tulipokwisha kuvuka mstari wa ikweta pale Kayabwe na kulikaribia daraja la Katonga, tairi la mbele kushoto lilipasuka. Usukani ulivutwa kama umeshikwa na mtu mwingine. Nyuma alikuwa amelala mtoto wetu, na mbele yetu lilikuwa likija lori la ndizi. Silika ya mguu ni kukanyaga breki, na mguu ukifanya hivyo gari hugeuka ubavu. Kwa bahati mwalimu wetu wa udereva wa zamani alikuwa ametukaririsha kuushika usukani kwa mikono miwili, kuuondoa mguu polepole kwenye mafuta, na kuliacha gari lipunguze mwendo lenyewe. Tulisimama kwenye majani ya kando, karibu na maji ya kinamasi. Ngozi yote ya tairi ilikuwa imebanduka kama ganda la muhogo. Tulipoisoma baadaye, tulikuta tairi hilo lilikuwa na miaka kumi na moja siku tuliyolinunua.

Barabara ile ndiyo ipitayo Impreza ya Koplo kila mwisho wa mwezi.

Sasa tuje kwenye bei, maana askari hawezi kuambiwa anunue tairi bora kana kwamba fedha huota bustanini. Sajini alifanya hesabu kwa kijiti mchangani, nasi tukainakili. Tairi jipya la gari dogo lina kina cha meno kipatacho milimita 8. Katika nchi nyingi sheria hulikataza likifika milimita 1.6, na katika mifereji ya tairi zimo nundu ndogo za mpira zinazoonyesha kiwango hicho. Kwa hiyo mnunuzi wa tairi jipya hununua milimita 6.4 za matumizi. Tairi lililotumika lenye milimita 3.5, ambalo machoni huonekana "zuri kabisa", lina milimita 1.9 tu za kutumia, yaani chini ya theluthi. Anayelilipia nusu ya bei ya jipya ameuziwa ghali, na bado hajaulizia umri wake. Rai yetu ni kwamba tairi jipya la kampuni isiyo na sifa kubwa, lenye ukubwa na uzito uliotakiwa, ni salama na rahisi kuliko tairi kuukuu lenye jina tukufu. Wapo watakaotubishia.

Ikiwa mtu hana njia ila kununua lililotumika, na aende mchana. Aligeuze ndani, atazame pande zote mbili. Mara nyingi kiraka kikubwa na ufa hufichwa upande ambao haumtazami mnunuzi. Rangi nyeusi iliyopakwa isimdanganye. Ayakatae matairi yaliyochongwa meno upya kwa kisu cha moto, kwa kuwa mchongaji huukata ule mpira mchache uliobaki juu ya waya. Tairi lililovishwa ngozi mpya kiwandani ni jambo jingine: ndege na malori makubwa hutumia ya namna hiyo kwa utaratibu, kwa sababu mwili wa tairi hupimwa kwanza.

Na asome neno lililoandikwa ubavuni. Juu ya Impreza ya Koplo, matairi mawili ya nyuma yalikuwa na neno STUDLESS, ambalo kijana alilidhani ni jina la mfano. Hayo ni matairi ya theluji. Mpira wake hufanywa laini kusudi ushike barafu ya Hokkaido, na kwenye lami ya Kampala wakati wa adhuhuri hulika upesi na huyumba kwenye kona. Gari zinazokuja kutoka Japani aghalabu hushuka meli zikiwa nayo. Herufi ya mwisho katika maandishi ya ukubwa ilikuwa Q, maana yake mwendo usiozidi kilomita 160 kwa saa. T ni 190, H ni 210, V ni 240. Namba itanguliayo herufi hiyo ni ya uzito: 88 ni kilo 560 kwa kila tairi, 91 ni kilo 615, 100 ni kilo 800. Inspekta alisema amekuta mabasi madogo ya abiria kumi na wanne yakitembelea matairi ya gari dogo, kwa kuwa yaliingia kwenye rimu na yalikuwa rahisi. Kuingia kwenye rimu si kubeba mzigo.

Upepo ni bure, au karibu na bure, na ndio unaosahauliwa. Mwaka 2000 kampuni ya Firestone ililazimika kuyaita matairi milioni 6.5 huko Marekani, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer, baada ya ngozi kubanduka katika mwendo na watu zaidi ya 200 kufa. Katika mabishano yaliyofuata ilijadiliwa sana kwamba Ford ilipendekeza pauni 26 za upepo kwa inchi ya mraba, hali Firestone ilitaka 30. Tairi lenye upungufu hujikunja kila mzunguko, hujipasha moto, na joto hulegeza gundi ile tuliyoitaja. Upepo hupimwa asubuhi tairi likiwa baridi.

Hapa tuseme jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi ya madereva wetu. Dereva wa jeshi akikabidhiwa Land Cruiser ya serikali, huikagua kila asubuhi kabla ya kuiwasha: maji, oili, taa, matairi, nati za magurudumu. Asipofanya hivyo hujibu mbele ya mkubwa wake. Dereva huyohuyo jioni hulikwea gari lake mwenyewe, lenye watoto wake ndani, bila hata kulizunguka mara moja. Tulipouliza chini ya mwembe ni nani aliyepima upepo wa gari lake mwezi ule, mkono ulioinuliwa ulikuwa mmoja, nao ulikuwa wa Sajini.

Majeshi yamelijua jambo la matairi kwa gharama kubwa. Wajapani walipoiteka Malaya mwaka 1942, Marekani ilipoteza sehemu kubwa kabisa ya mpira wake wa asili, na kitu cha kwanza kugawiwa raia kwa kipimo hakikuwa sukari wala petroli, bali matairi. Mwaka huohuo nchi nzima iliamriwa isiendeshe zaidi ya maili 35 kwa saa, ili mpira udumu. Mwendo na tairi ni hesabu moja. Gari likitoka kilomita 80 hadi 120 kwa saa, mwendo umeongezeka kwa nusu, lakini nguvu ya kulisimamisha yapaswa kuwa mara mbili na robo. Na nguvu hiyo yote hupita katika vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikigusa ardhi kwa upana wa kiganja.

Vijana hawakupenda kuona turbo ikidharauliwa, na mmoja akalileta jina la Shekhar Mehta. Alifanya vema, kwani mtu huyo alizaliwa hapa Uganda mwaka 1945 na akaondoka katika fukuza ya mwaka 1972. Kisha akiwa Kenya akashinda mashindano ya Safari mara tano, mwaka 1973 na tena mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Lakini Sajini aliyakumbuka magari. Mwaka 1979 Mercedes walileta gari la silinda nane na lita 5. Mehta alikuja na Datsun ya lita 2. Mercedes iliyotangulia wenzake ilifika ya pili. Safari ile ilipita matope, mawe na vumbi kwa maelfu ya kilomita, na waliokuwa wakiishinda walikuwa wale ambao gari lao lilifika likiwa bado na magurudumu.

Jioni ilipoingia, Koplo alimwuliza Sajini kwa unyenyekevu angefanya nini na fedha zile kama zingekuwa zake. Mzee hakufikiri sana. Matairi manne, yote ya ukubwa mmoja na mfano mmoja, maana Impreza huzungusha magurudumu yote manne, na tofauti ya kimo hulitesa sanduku la gia. Kisha mkanda wa taiming, ambao Koplo hakujua ulibadilishwa lini. Ukikatika, vali hukutana na pistoni na injini hufa papo hapo. Kisha chujio la hewa, plagi, maji ya rejeta yenye dawa badala ya maji ya bombani, na mafuta ya breki, ambayo hufyonza unyevu na hupaswa kubadilishwa kila miaka miwili. Kisha kupimwa msukumo wa kila silinda. "Nguvu zako mia," alisema, "huenda sasa hivi ni themanini. Zitafute hizo ishirini kwanza."

Jumapili iliyofuata tulimkuta Koplo amefika mapema. Impreza ilisimama juu ya matairi manne mapya, yenye nywele za mpira bado. Injini ya turbo ilikuwa imekwisha kununuliwa na mtu mwingine, naye alilisema hilo kwa uso wa mtu aliyehudhuria harusi ya mchumba wake wa zamani. Sajini alichuchumaa penye kila gurudumu, akasoma tarakimu kwa sauti, moja baada ya nyingine, na baraza likasikiliza kama linalosomewa amri ya siku. Zote zilikuwa za mwaka mmoja. Akasimama, akajipangusa magoti.

"Na la akiba?"

Koplo akaenda kufungua buti.